Springi Nilizochagua Kahama

Pikapu yetu ilikuwa imekaa chini upande wa nyuma. Kila tukipita shimo, tairi la kushoto liligusa bodi, na ukiisukuma kwa mkono ilidunda mara nne au tano kabla ya kutulia. Asubuhi moja Baba aliingia chini yake, akatoka na kipande cha chuma mkononi. Jani moja la springi lilikuwa limekatika.

"Nenda Kahama," aliniambia. "Tafuta springi na shokapu. Zisiwe za bei kubwa, na ziwe ngumu. Sitaki kuona gari langu limechuchumaa tena."

Dereva nilikuwa mimi. Nilipomaliza darasa la saba sikuendelea, na Baba alijifunza gari ukubwani, hakulipenda. Kila Jumamosi nilibeba mifuko ya mawe ya dhahabu kutoka kwenye duara lake, yaani shimo alilochimba na wenzake, nikaipeleka Masumbwe kwenye karasha mawe yakasagwe. Siku nyingine pikapu ilibeba maji au mahindi. Na ilimbeba mdogo wangu wa kike.

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa na selimundu. Maumivu yalipomshika aliuma ncha ya kanga ya Mama na kukunja vidole vya miguu. Kliniki yake ilikuwa Kahama. Kutoka Masumbwe kwenda Kahama kuna lami, lakini kutoka kwetu kufika kwenye lami ni njia ya vumbi iliyojikunjakunja kama bati. Njia hiyo ndiyo iliyomtesa. Alisema kila tuta linamgonga ndani ya mfupa.

Ugonjwa wake tuliuficha. Duara la Baba lilikuwa limeanza kutoa dhahabu, na huko machimboni mtu akianza kupata wakati mtoto wake ni mgonjwa, watu hawasemi mtoto anaumwa. Wanasema ametolewa kafara. Mzee mmoja aliyechimba jirani na Baba alihama kwa maneno hayo, na mwanawe alikuwa amekufa kwa malaria tu, kila mtu aliona. Kwa hiyo Baba alituweka chini akasema, "Mbele ya watu wa mawe, mimi sina mtoto mgonjwa. Mmesikia?" Tukasema tumesikia.

Siku ile naondoka kwenda Kahama, mdogo wangu alikuja akaegemea mlango wa gari.

"Wewe ndiye unakwenda kuongea na watu wa dukani?" alisema. "Bora nikuandikie kikaratasi uwape."

"Nitaongea."

"Nani atasikia? Ukisalimia wewe, mtu anadhani ni nzi, anapunga mkono kumfukuza."

Nilicheka. Yeye hakucheka sana. Aligonga bodi kwa kidole, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, zitafute laini kidogo. Siyo sana. Kidogo tu."

"Sawa," nikasema.

Kahama kuna mtaa wenye maduka ya spea yaliyopangana, na nje ya duka nililoingia alikaa fundi mzee mwenye nyundo. Springi zilikuwa zimelazwa chini juu ya maturubai. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akaendelea kugonga springi moja baada ya nyingine na kusikiliza. Nzima ililia kama kengele. Yenye ufa ilitoa sauti kavu, naye akaitupa pembeni.

Alikuwa fundi mwema. Hakuharakisha kuniuzia. Alinionyesha masikio ya springi, pale bushi inapoingia, akaniambia nipitishe ukucha nione kama kuna ufa. Kisha alichukua shokapu ya mtumba, akaisimamisha chini na kuikandamiza kwa uzito wake wote.

"Angalia inavyorudi," alisema. "Hii inapanda polepole kama mzee anayeamka. Ni nzima. Ikiruka, imekufa. Na ukiona mafuta yamelowanisha shingo yake, usiichukue hata ukipewa bure."

Halafu akauliza, "Gari inabeba nini, kijana?"

"Mawe."

"Siku zote, au kuna siku inatembea tupu?"

"Zipo siku inatembea tupu."

Akaweka nyundo chini. Aliniambia hela niliyokuja nayo inatosha seti moja kati ya mbili. Ya kwanza ni springi za mtumba zilizoongezwa majani mawili mazito yaliyokatwa kutoka springi za lori, pamoja na shokapu mpya ngumu. Hizo zingebeba mawe mpaka nichoke mimi. Ya pili ni springi za kawaida, mtumba lakini nzima, na zile shokapu zinazopanda polepole. Hizo zingelala kidogo nikijaza sana, ila zingekwenda kwa upole. Bei ilikuwa moja.

"Ukifunga hizi ngumu," alisema, "gari ikiwa tupu itawarusha kama punje za bisi. Kwa hiyo niambie. Nyumbani kuna mgonjwa? Kuna mjamzito? Mzee wa mgongo?"

Kwenye benchi la duka alikuwa amekaa dereva mmoja wa pale kwenye karasha yetu, akisubiri tairi lake lizibwe. Alinijua na alimjua Baba. Kabla sijafungua mdomo, akadakia, "Huyo? Kwao kuna mgonjwa gani? Kwao kuna dhahabu tu! Mfungie ngumu huyo, baba yake anahamisha mlima."

Watu wakacheka. Uso ulinichoma. Fundi hakucheka, alikuwa bado ananiangalia, anasubiri nijibu mwenyewe.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna mgonjwa."

Akainama, akaanza kufunga zile ngumu.

Nilirudi nyumbani gari likiwa limeinua mgongo. Baba alilizunguka mara mbili, akaning'inia nyuma na kulitikisa, halikutikisika. "Hili sasa ni gari," alisema, na mkono wake ukanigusa bega, jambo ambalo hakulizoea. Mdogo wangu alitazama kutoka mlangoni.

"Limekaa kama panzi," alisema.

Nilikwenda kunawa mikono.

Siku ya kliniki ikafika. Tulikaa watatu mbele, mimi, Mama, na yeye katikati. Hatujafika mbali gari likaanza kuruka. Nilipunguza mwendo, likaruka. Nilipita pembeni kwenye majani, likaruka vilevile. Mama alimpakata, lakini mishtuko ilipita kwa Mama na kumfikia yeye. Mwishowe akasema, "Kaka, simamisha." Alishuka, akashika mti mdogo wa kando ya njia, akatapika. Kisha akaanza kwenda kwa miguu, taratibu, akiwa na kanga ya Mama mabegani, nami nikimfuata nyuma na gari tupu.

Baadaye nilipata akili. Nilichukua viroba vitupu nyuma ya kiti, tukaokota mawe ya njiani mimi na Mama, tukajaza, tukapakia. Gari lilishuka kidogo na kupoa. Mdogo wangu alipanda tena, akageuza shingo kuangalia mzigo.

"Wabeja, mawe," alisema. Ni asante ya kwetu, Kisukuma. Mama akacheka huku anajifuta macho.

Jioni Baba aliyakuta yale mawe. Aliuliza yametoka duara gani. Nilimwambia ni ya njiani tu, ya kutuliza gari. Akasema, "Gari langu halibebi mawe ya bure," akayamwaga mwenyewe nje ya uzio. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Ningeweza kusema, Baba, zilikuwepo nyingine laini, bei ileile, tuzirudishe. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilikunja viroba vitupu, nikavirudisha nyuma ya kiti.

Tulipata njia moja tu. Jumamosi, gari likiwa limejaa mawe ya Baba, lilikwenda vizuri kuliko siku yoyote. Uzito ule uliyalaza yale majani ya lori. Tukaanza kumpeleka kliniki Jumamosi. Alikaa mbele amenyooka, na tulipofika kwenye karasha aliwasalimia wanaume wote kwa tabasamu ili wasijue kitu, nami nikashusha mzigo, kisha tukashika lami kwenda Kahama; kurudi nilipakia mchanga wa Baba uliokwisha kusagwa. "Siku ya mawe ndiyo siku yangu," alikuwa anasema. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilidhani tumelimaliza jambo.

Kisha ikaja wiki moja, mvua zimeanza. Jumatano alifagia uwanja asubuhi. Alhamisi alikaa sana jikoni karibu na moto, akasema ni baridi tu. Ijumaa Mama alimuuliza mbona hali, akasema ameshiba maziwa. Hakuuma kanga. Mimi nilimwona akipanda kitandani kwa kujishika na ukuta, nikaenda zangu kuangalia upepo wa matairi.

Jumamosi nilipakia mawe duarani mapema, nikapita nyumbani kumchukua. Alitoka mwenyewe, akatembea mpaka kwenye gari. Alipokaa karibu yangu ndipo nikahisi joto lake. Macho yalikuwa manjano.

"Leo linakwenda vizuri," alisema tulipokuwa kwenye vumbi. Aliegemeza kichwa begani kwa Mama. Tulipofika Masumbwe alikuwa hawezi kusalimia mtu. Sikusimama kwenye karasha. Nilipita na mawe ya Baba nyuma, mpaka hospitalini Kahama.

Nesi alimshika paji la uso, akauliza, "Homa imeanza lini?"

"Leo," Mama alisema.

"Jumatano," mdogo wangu akasema.

"Jumatano! Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilikuwa nasubiri siku ya mawe."

Nesi alimtazama Mama, akadhani mtoto anaweweseka. Mama alinitazama mimi.

Alifariki Jumapili, kabla ya saa sita mchana.

Tulimpeleka Kishapu kwa babu zetu. Ndugu na majirani walijaa nyuma kuzunguka jeneza, na Mama akakaa mbele na mimi. Safari nzima gari lilitulia. Tulipoacha lami na kuingia kwenye njia mbovu ya kwenda kijijini, Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili akisubiri mishtuko, haikuja. Akaondoa mikono. "Mbona leo haliruki?" aliuliza.

Maneno yalianza hata hivyo. Watu wa duarani walikuja msibani wakakaa pamoja, wakanong'ona, na Baba akipita walinyamaza. Siri yetu haikumkinga na kitu.

Siku ya tatu nilimkuta nyuma ya nyumba, ananawa uso kwenye beseni. Nilisogea nikamwambia yote, fundi alivyouliza, seti mbili, bei moja, na neno nililojibu. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mmoja.

Alikaa ameinama, maji yanamdondoka kidevuni.

"Pale dukani alikuwepo nani?"

"Dereva wa karasha."

"Basi ulijibu kama nilivyokufundisha," alisema.

Alijifuta uso kwa shati. Nilitaka anipige. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa ili asipate shida ya kunifikia, lakini alinipita akaingia ndani.