Mkono wa Mwanne na Paka wa Aisha

Ukitaka kumuudhi Mwanne, mwambie mchuzi wake umepungua chumvi. Mwambie, kisha kimbia. Mwanamke huyu amepika arusi na hitima za mji wa Kalemie kwa miaka arobaini, kuanzia mtaa wa Kataki mpaka ng'ambo ya mto Lukuga, na hakuna siku sufuria yake ilirudi na chakula cha kumwaga. Waislamu wenzake wanamwita, Wakristo wanamwita, hata wale wanaojidai wamezoea vya Kizungu wanamwita, halafu wanabeba masalio kwa mifuko wakidhani hakuna anayewaona. "Mkono wa Mwanne," watu husema, vidole bado viko mdomoni. Na siri ya mkono huo haijafichwa: kitunguu kingi, kitunguu saumu kingi zaidi, na kube, vile vipande vya mchuzi mkavu vilivyofungwa kwa karatasi, ambavyo yeye anavivunjia juu ya sufuria bila kuhesabu. Kwake yeye, kumpa mtu chakula kisichoungwa ni kumtukana.

Sasa tazama mambo ya Mungu. Mwanamke huyo huyo ndiye aliyepika miezi minane mizima chakula kisicho na ladha yoyote. Aisha, mtoto wake pekee, mwalimu wa darasa la pili, aliugua mafigo. Miguu ikavimba, uso ukavimba, damu ikapungua mwilini. Hospitalini wakamwandikia rejime: asile chumvi, asile kube. Mwanne, kwa woga wake, akaondoa na vitunguu. Akawa anachemsha samaki kwa maji matupu, anageuza uso pembeni anapompakulia. Kila asubuhi alimvuta mwanawe kope la chini kwa kidole gumba, kama alivyofundishwa na muuguzi, kuangalia wekundu wa damu umebaki kiasi gani. Wekundu ulipungua, ukapungua tena.

Nyumba hiyo ilikuwa na paka. Dume, mweupe mwenye mabaka ya majivu, jina lake Shemeji. Aisha ndiye aliyempa. Siku moja paka huyo aliingia tu mlangoni watu wakiwa wanakula, akakaa kando ya sahani bila hodi wala salamu, na Aisha akasema huyu ni shemeji kabisa, hakuna haja ya kuuliza ukoo wake. Wakati wa ugonjwa wawili hao walikula pamoja. Aisha alikula nusu ya samaki wake na nusu akampa paka, akimwambia, "Kula, Shemeji, sisi wawili tuko kwa rejime." Paka akanenepa! Manyoya yakang'aa, macho yakang'aa, akawa anaruka juu ya bati kama kijana. Rejime ile ilimfaa yeye peke yake.

Aisha alizikwa mwezi wa pili wa mwaka. Mwanne hakulia mbele za watu. Alipika. Wanawake walimwambia jamani, hitima ya mwanao usiipike wewe, akawafukuza jikoni na mwiko mkononi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakamwacha. Arobaini ilipopita na jamvi likakunjwa, alisimama katikati ya jiko lake akaapa kwamba chakula cha hospitali hakitapikwa tena ndani ya nyumba ile, si kwa mtu, si kwa kiumbe chochote.

Na kiumbe kilichobaki kilikuwa kimoja. Shemeji alikuwa akishinda juu ya kitenge cha Aisha, pale kwenye kiti cha kamba, na chakula alikigusa kidogo tu. Mwanne akamtazama, roho ikamuuma. Maskini, akawaza, huyu naye amefungwa miezi minane kwa kosa gani? Akachukua ndakala wabichi, wale dagaa wa ziwani, kutoka kwa wavuvi wa Kituku, akawakaangia kitunguu na saumu, akavunja kube zima, akamimina maji kidogo ukawa mchuzi mzito, akamtengea katika kisahani. Paka akanusa. Akalamba. Akamaliza, akalamba na kisahani mpaka kikasogea ukutani. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi Mwanne alicheka.

Basi ikawa desturi. Asubuhi na jioni paka alipikiwa kama mgeni wa arusi. Mama Bibiane, jirani yake, Mkatoliki muuza mawese, mwanamke asiyeweza kuona jambo akanyamaza, alimtania kwamba yule paka anakula vizuri kuliko watoto wa nyumba zote za mtaa. Mwanne alifurahi kusikia hivyo. Ilimtosha kuona kiumbe kimoja kilichopendwa na Aisha kinakula, kinashiba, kinalala.

Miezi ikapita. Paka akaanza kutapika. Kwanza mara moja kwa wiki, halafu karibu kila siku, na tumbo likawa linamwendesha. Mwanne akasema ni minyoo, akamsagia mbegu za papai. Paka akawa anakunywa maji hata ya beseni la kufulia. Akasema ni joto. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai iliyolala, na kwa hilo hakujua la kusema. Paka alipopunguza kula, yeye akaongeza kube, maana alijua kumvuta mlaji, ndiyo kazi yake. Na kweli, ukiongeza, alikula. Nani angemlaumu? Mimi siwezi. Lakini kila kisahani kilichorudi kitupu kilikuwa kinamwibia paka siku moja, na yeye alikuwa anashukuru.

Asubuhi moja Shemeji alishindwa kupanda kiti cha kamba. Alijaribu, miguu ya mbele ikashika, ya nyuma ikakataa, akaanguka ubavu akabaki pale anahema harakaharaka. Mwanne akapiga magoti. Mkono wake ulikwenda wenyewe, bila yeye kuutuma: kidole gumba kikamvuta paka kope la chini. Ndani palikuwa peupe. Alikuwa ameshapaona peupe pale mara nyingi, kwa mtu mwingine, na akajua anatazama nini. Akamfunga paka katika kitenge, akasimamisha pikipiki, akamwambia kijana aendeshe polepole na apite mbali na mashimo.

Mtu pekee aliyemjua wa kutibu wanyama alikuwa Docta Hénoc, yule anayepiga mhuri nyama za ng'ombe machinjioni. Mtu mpole, mwenye mabuti ya plastiki. Alikiri kwanza kwamba tangu atoke shule Lubumbashi hajawahi kuletewa paka, watu wa hapa paka akiugua wanamwangalia tu. Lakini alimshika vizuri. Akamfungua mdomo, akatazama fizi, akamminya tumbo taratibu, akauliza habari za mkojo. Kisha akauliza huyu mnyama anakula nini. Mwanne akamweleza mapishi yote, hatua kwa hatua, kwa fahari ile ile anayowaeleza mabibi arusi. Docta akaacha kuandika.

"Mama Mwanne," akasema, "paka si muntu mudogo. Kitunguu kinavunja damu yake. Na saumu vilevile, mbaya zaidi. Hata ile ya unga, yenye iko ndani ya kube."

Akamfafanulia pole pole. Tumbo la paka limeumbwa kwa nyama na samaki, basi. Vile vinavyotufanya sisi tulambe vidole, yeye havimfai hata kimoja. Chumvi ile nyingi inamkausha na kumchosha mafigo, viungo vinamchubua tumbo, na kitunguu kinaingia katika damu kinaipasua chembe baada ya chembe, kidogo kidogo, miezi na miezi, mpaka mnyama anabaki mtupu. Mafigo. Mwanne alisikia neno hilo akashika ukingo wa meza.

Akauliza kama kuna kumwongezea damu. Docta akasema kwa paka, Kalemie hii, hakuna. Lakini mwili wenyewe unaweza kutengeneza damu mpya kama sumu ikikatwa leo na akila vizuri. Samaki wa kuchemsha, maji matupu, bila kitu chochote. Akasema ataulizia dawa ya damu kwenye boti za Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Na akamwonya jambo la mwisho: asimwache na njaa, paka asipokula siku tatu nne, ini nalo linaharibika.

Samaki wa maji matupu! Mwanne alirudi nyumbani akavunja kiapo chake bila hata kukikumbuka. Akachemsha mukebuka, samaki mzuri wa ziwani, akatoa miiba yote, akapoza, akamtengea. Shemeji akanusa, akageuza kichwa. Akajaribu ndakala. Akajaribu maini ya kuku. Akaweka punje ya nyama kwenye ncha ya kidole, akampaka mdomoni. Paka akaifuta kwa mguu. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na ya pili. Siku ya tatu paka alijikokota mpaka chini ya kabati la viungo, akainua uso, akalia. Sauti ilikuwa ndogo. Alikuwa anaomba kile alichofundishwa kupenda, na aliyemfundisha ndiye huyu aliyesimama mbele yake na mikono mitupu.

Mama Bibiane aliingia akamkuta ameketi chini. Akamwambia asijiue kwa ajili ya paka, pale Kituku wako wengi, hata kesho atamletea wawili. Mwanne hakukasirika. "Niletee mumoja tu," akasema. "Mwenye alimujua Aisha." Mama Bibiane, na mdomo wake wote ule, akaketi naye chini.

Docta akampigia simu, akasema atumie seringe bila sindano, amtilie supu nyeupe kwa nguvu, asichoke. Mwanne akajaribu. Paka alikuwa hana nguvu ya kukwaruza. Alifumba macho tu akaacha supu imtiririke shingoni, na alipomaliza kuteseka akamtazama Mwanne. Mara tatu siku hiyo. Mara tatu siku iliyofuata, ndiyo ya nne. Baada ya mara ya mwisho Mwanne aliiweka ile seringe juu ya meza akaona hawezi tena.

Kuna jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku moja kabla ya Aisha kufa, pale hospitalini, mchana, Aisha alimwomba kijiko kimoja cha mchuzi wake. Wa kweli, wenye kube. Kijiko kimoja tu, Mama, nisahau haya maji. Na Mwanne, aliyelisha mji mzima, alimwambia mwanawe hapana, docta amekataza, kesho ukipata nafuu. Alisema kwa ukali kidogo, ili asilie. Aisha akasema haya. Hakuomba tena, na kesho yake kabla ya alasiri alikuwa amekwisha.

Ndiyo maana jioni ile ya siku ya nne aliwasha moto. Alijua anachokifanya, tusimsingizie ujinga mara hii. Alimenya kitunguu, akatwanga saumu, akavunja kube kwa vidole, na harufu ilipojaa jikoni Shemeji aliinua kichwa kutoka kwenye kitenge. Akambeba mpaka kwenye kisahani, akamshikilia kifua asianguke. Paka akala. Akala kwa haraka, kisha polepole, akapumzika, akala tena, akamaliza. Akalala mapajani mwa Mwanne akinguruma kidogo kooni, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa wiki nzima. Kesho yake, Mwanne aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, alimkuta amekufa.

Docta Hénoc alifika jioni hiyo, chupa ya dawa ya damu mkononi, imetoka Kigoma kwa boti ya asubuhi. Akaona kitenge kilivyokunjwa, akaelewa. Akatoa pole. Kisha akauliza kama paka alikuwa amekula chochote, na Mwanne akasema ndiyo, jana alikula akashiba. Uso wa Docta ukachangamka kidogo, akauliza amekula nini. Mwanne angeweza kusema uongo. Akamwambia kweli, kila kitu, mpaka kitunguu.

Docta akaiweka chupa juu ya meza.

"Kama ningeendelea na seringe," Mwanne akauliza, "na hii dawa yako, angepona?"

Docta alitazama chupa yake. Mtu mwingine angesema hapana, Mama, ilikuwa imekwisha. Yeye hakuzoea kudanganya. "Labda," akasema.

Mwanne akatikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitazamia. "Aisha nilimunyima, akakufa. Huyu nikamupa, akakufa. Ningefanya nini, Docta?"

Docta akavuta kigoda akaketi, mabuti yake yamejaa tope la machinjioni. Mgeni alikuwa ameketi jikoni mwake, na Mwanne, kwa mazoea ya miaka arobaini, akamuuliza kama amekula. Akalisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati, akateremka polepole mpaka chini, na machozi aliyoyazuia tangu mwezi wa pili yakaja yote.