Kamba ya Bibi Fatma na Mama wa Msumbiji

Enzi zetu, sisi tuliokulia Ruwi, huku Uarabuni, kabla hazijajengwa hizi barabara za kupandana juu kwa juu, kamba moja iliwatosha watoto tisa. Ilikuwa kamba ya usumba, ilikuja kutoka Unguja imefunga sanduku la Bibi, na ikikupiga mguuni unaimba bila kupenda. Tukitoka skuli, koo limekauka kwa Kiarabu cha abla, mwalimu wetu, aliyekataza Kiswahili hata uwanjani, tunavua viatu mlangoni na lugha yetu inarudi mdomoni. Uwani kunanukia vitumbua. Mama anapiga kelele, "Kwanza mle!" Nani atakula, na kamba ishashikwa?

Bibi Fatma, mama yake mama yangu, alikaa kwenye mkeka na sahani ya vitumbua magotini. Mimi nimepewa jina lake, kwa hiyo alikuwa haniiti jina. Alikuwa akiniita "somo yangu", na nilijiona mkubwa kuliko wenzangu wote. Kwetu ndivyo, mara nyingi binti wa kwanza anachukua jina la bibi yake mzaa mama. Bibi Fatma alimzaa Salma, mama yangu, jina la bibi yake. Salma akanizaa mimi Fatma. Tunabadilishana majina kama watu wanaoazimana kanga.

Sasa watoto wengine wa mtaani walikuwa na nasaba ya baba, wanaitiririsha mpaka majina saba bila kupumua. Bibi alitupa sisi ya mama zake, na akatupa ya kurukia kamba, ikianza na yeye mwenyewe: "Fatma wa Salma, Salma wa Halima, Halima wa Katarina, Katarina wa Helena, Helena wa Katarina, Katarina wa Msumbiji, toka!" Ukifika "toka" hujajikwaa, kitumbua chako. Siku moja nilimuuliza mbona hataji wanaume. Akasema, "Baba zenu wana watu wa kuwahesabu, somo yangu. Hawa mama zangu wana mimi tu."

Halima, bibi yake Bibi, ndiye aliyekuja Unguja msichana, kutoka Keptauni kule kusini mwa Afrika, akaolewa na akasilimu. Kwao aliitwa Helena. Hilo nyumba nzima ilikuwa ikilijua, kwa sababu ya Mholanzi. Mjomba Seif, kaka yake mama, alikuwa na macho ya kijivujivu, na wageni hawakumaliza finjani ya kwanza ya kahawa kabla hawajaambiwa kwamba yale macho yametoka kwa babu wa Kiholanzi. Jina la huyo babu alikuwa ameliandika kwenye kikaratasi, refu, la kuvunja taya, na alikiweka kwenye pochi pamoja na leseni yake.

Siku moja ya Idi, nyumba imejaa, wakubwa walituomba turuke wawaone. Nikaruka mimi, nguo mpya, halwa bado iko vidoleni. Nilipofika "Katarina wa Msumbiji", Mjomba akacheka mbele ya watu wote. "Mama! Mholanzi tunamtaka. Huyo wa Msumbiji umemtoa wapi? Tuachie bwana!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi, somo yake, nikacheka kuliko wote, maana nilipenda kuwa upande wa wakubwa. Bibi alichukua sahani yake akaingia ndani, na tangu siku ile hatukumsikia akiyataja tena yale majina. Tulirukia mambo mengine. Akafariki nikiwa skuli ya sekondari, na mimi sijamwomba radhi.

Wallahi hili limenikaa. Nilipostaafu wizarani, mama yangu, ambaye sasa amepita themanini na anakaa kwa kaka yangu Al Amerat, aliniambia, "Fatma, nnataka kujua kabla sijaondoka. Mama yangu alisema kweli au alitunga?" Nikajua kwamba naye miaka yote ile lilikuwa linamuwasha.

Basi nikaanza. Vitabu vya zamani vya makanisa ya Keptauni vimepigwa picha, viko kwenye mtandao, ukurasa kwa ukurasa, mwandiko wa kujikunja kama mizizi. Miaka miwili niliinama kwenye kompyuta nyumbani Bawshar nikisaka jina la kwenye kikaratasi cha Mjomba. Mtu wa kwetu akitafuta asili anaanza na baba, baba wa baba, ndivyo tulivyofundishwa. Majina kama ya yule Mholanzi yalikuwa tele, kila mmoja akiwa wangu nusu saa halafu si wangu.

Aliyeniokoa ni Mercy, Mkenya anayenitibu magoti kwa mazoezi. Siku moja nikimlalamikia, akaniambia baba yake alikuwa karani wa kanisa kwao, na yeye alikuwa akimsaidia kujaza kitabu cha ubatizo. Nikamwonyesha ukurasa kwenye simu. Akauvuta kwa vidole.

"Mama Fatma, wewe unasoma baba peke yake. Hapa ni mtoto, hapa baba, hapa mama. Na hapa pembeni ni mashahidi, wale wanasimama na mtoto akibatizwa. Mara nyingi ni nyanya yake. Tafuta huyo."

Nilirudi nyumbani nikaacha wanaume wote, nikatafuta mtoto Katarina, yule aliyemzaa Halima baadaye, mama yake Helena. Siku ya nne nikampata. Nikapeleka kidole pembeni, kwa shahidi. Imeandikwa Katarina, na mahali pa ukoo imeandikwa "wa Msumbiji", basi, kama walivyoandikwa watumwa. Bibi amesimama na mjukuu, na mjukuu amepewa jina lake. Kurasa za nyuma nikampata Helena mwenyewe akibatizwa, mama yake huyohuyo Katarina, na baba, haya, Mholanzi wa Mjomba. Nililia peke yangu pale mezani kama mtoto aliyekosa kitumbua.

Ijumaa nikavuka milima mpaka Al Amerat. Nilimsomea mama taratibu. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema, "Alhamdulillahi. Hakutunga." Halafu akaniangalia. "Na wewe ulicheka."

"Nilicheka, mama."

"Alijua u mtoto. Mimi nilikuwa mkubwa, na nilicheka pia."

Hapo tukashikana mikono, vikongwe wawili, tukacheka vingine.

Watoto wa leo, mashallah, wana kila kitu. Kitumbua kinawafuata mlangoni kwa pikipiki, wala hawajui kinavyomiminwa. Mjukuu wangu Salma, wa Mabela, ana miaka saba na maneno ya siri ya simu tatu kichwani, ila ukimuuliza jina la bibi wa mama yake anakwambia ungoje atafute. Jana nilimnunulia kamba, ya plastiki, ya waridi. Nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya baraza, nyingine nikazungusha mwenyewe, nikaanza: Salma wa Asya, Asya wa Fatma, Fatma wa Salma... Alijikwaa mara nne. Alipofika kwa Katarina wa Msumbiji akaacha kuruka, akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, huyo umemtoa wapi?"

Mkono ulinisimama. Kisha nikamwambia ainuke, nikaizungusha kamba, nikaanza upya.