Gauni Lisilo na Mikono

Nilikuwa katika duka la kukodisha magauni ya harusi, Mbarara, Uganda, binti Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale alipochagua la bei ya chini kabisa, lisilo na mikono.

"Nyabo, harusi mwezi ya saba?" muuzaji akashangaa. "Baridi itakuua!"

"Ndiyo nataka baridi. Batu batakunywa chai, hakuna mwenye ataomba soda."

"Na wewe utatetemeka mbele yao?"

Binti akainamisha kichwa, akakunja mabega, akatetemesha midomo. "Kwetu bibi-arusi analia akitoka kwa baba yake. Miye niko na furaha mingi, machozi haitakuja. Baridi itanisaidia."

Muuzaji akalifunga gauni.

Mimi nilioa siku ya jua kali. Mama mkwe hajasamehe hadi leo: binti yake aliondoka akicheka.