Farasi Aliyecheua

Ngozi kuukuu ikilowa jasho kisha ikakaukia juani hutoa harufu yake peke yake. Ina chumvi, ina mafuta yaliyochacha, na kwa mbali ina utamu kama wa nyasi zilizoanikwa. Mwezi uliopita niliikuta kwa fundi wa viatu mjini Nakuru, mji wa sita kati ya miji niliyohamia tangu nimalize shule. Fundi alikuwa anashona mkanda mpana wa punda wa mkokoteni. Mimi nilikuwa nimefuata viatu vyangu tu, lakini nilisimama pale nikiunusa mkanda wa watu mpaka akaniuliza, "Mama, uko sawa?"

Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa. Hasira ya zamani ilikuwa imenipanda, na kwa kuwa sijawahi kumweleza mtu inatoka wapi, wacha niwaeleze ninyi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa mtunza bustani Milimani, mtaa wa matajiri wa Kisumu, na sisi wawili tulikaa chumba kimoja Kaloleni ili mimi nisome shule ya mjini. Mama alibaki na shamba letu Seme, karibu na Kombewa. Huko Seme hakuna aliyemjua baba kama mtu wa kupogoa maua. Huko alikuwa bingwa wa maksai. Mtu akiwa na maksai mkaidi, anayelala kwenye mfereji katikati ya kulima, alimwita baba. Baada ya siku tatu yule maksai alitembea mstari ulionyooka kama wa rula. Baba alikuwa na msemo wake: "Mnyama ni mnyama. Ukimjua ng'ombe, umewajua wote." Nilimwamini kama nilivyoamini kwamba jua huchomoza Nandi na kuzama ziwani.

Tajiri wake alikuwa Bwana Kirpal, Kalasinga mwenye duka la vipuri vya magari. Alizaliwa Kisumu, na Dholuo yake, lugha yetu sisi Waluo, ilikuwa nzuri kuliko ya Wafula, askari wa geti, jambo lililomuudhi Wafula kila siku ya Mungu. Mwaka ule Bwana Kirpal alinunua farasi jike kutoka kwa mkulima mmoja wa vilima vya Nandi aliyekuwa akihama. Alimnunulia mjukuu wake, mtoto wa Nairobi aliyekuja kila Desemba. Farasi alikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, hakuwa kijana tena, na jina lake lilikuwa Rani. Alikuja na tandiko lake, zito, limepasuka pembeni, na hakuna aliyejua kama lilitengenezwa kwa mgongo wake au kwa mgongo wa farasi mwingine.

Bwana Kirpal akamwita baba mbele ya banda. "Baba Akinyi, wewe ni mtu wa wanyama. Mfundishe huyu. Shule zikifungwa Desemba, mjukuu wangu anakuja. Kama hatabeba mtoto, mimi naita lori."

Nikauliza lori litampeleka wapi. Bwana Kirpal alijifanya hakusikia. Wafula ndiye aliyenijibu baadaye getini, akitafuna muwa. "We Akinyi, farasi mzee anapelekwa wapi tena? Uliza mbwa za hapa Milimani zinakula nini."

Usiku ule sikulala vizuri. Kumbe nilikuwa nimeshampenda. Nilikuwa nikitoka shule napitia Milimani kumngoja baba, na Rani akiniona tu ananijia. Aliniwekea pua shingoni, ndani ya kola ya sare, akapumua. Pumzi yake ilikuwa ya moto na ilinuka pumba. Nikitembea, alinifuata nyuma bila kamba, mpaka kwenye mfereji wa maji, mpaka jikoni, na siku moja karibu aingie sebuleni kwa Bwana Kirpal. Sikuwahi kuwa na kitu kilichonifuata hivyo.

Baba alikuwa mzito kwa kazi ile, kwa hiyo mpandaji nikawa mimi. Kila siku saa kumi, sare ikiwa imetundikwa kwenye msumari, mimi nikiwa na kaptura ya binamu yangu, tulimtoa Rani bandani.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Rani yule wa pumzi ya moto, akiona tandiko, aligeuka mtu mwingine. Masikio yalilala nyuma mpaka yakapotea kwenye manyoya ya shingo. Mkia ulichapa kushoto na kulia. Baba akikaza mkanda wa tumbo, aligeuza shingo na kung'ata hewa karibu na kiwiko chake. Nami nikishapanda, alienda hatua nne, akakunja mgongo kama paka, na mimi huyoo, kwenye maua.

"Akinyi!" Wafula alipaza sauti kutoka getini. "Leo umepanda farasi ama umepanda bougainvillea?"

Baba alikuwa na jibu kwa kila kitu. Masikio na mkia? Ni sami, wale nzi wadogo wanaotoka ziwani kama moshi. Hata ng'ombe hupiga masikio na mkia. Kung'ata? Ukaidi. Kukunja mgongo? Ukaidi. Dawa ya ukaidi ilikuwa moja. Alimfunga kamba puani juu ya hatamu, kama alivyofanya kwa maksai wabishi, akaivuta kila alipokataa. Na kwa sababu hakuwa mtu mkatili, alikunja gunia mara mbili akaliweka chini ya tandiko, "apate godoro." Tandiko likazidi kubana.

Wiki zikapita. Siwezi kuwaeleza jinsi nilivyochoka kwa hasira. Magoti yalichunika, nywele zilijaa majani, na mwalimu alinichapa kwa kulala darasani. Nilimvuta, nikampiga visigino, nikamlilia, nikamtukana Dholuo na Kiswahili. Nilikuwa nikimwambia sikioni, "Wewe mjinga, si ninakuokoa? Huoni?" Baba aliniinua, akanipangusa, akasema, "Nyathina, mwanangu, mvumilivu hula mbivu." Mbivu zenyewe sikuziona. Nilikuwa na hasira na baba, na hasira na Wafula, na hasira kubwa zaidi na Rani, ambaye nilikuwa nimemwahidi uhai naye ananitupa chini kama mzigo wa kuni.

Ndipo siku moja, mwezi wa kumi na moja, akaacha.

Baba alimtandika, na masikio hayakulala nyuma. Yalining'inia tu pembeni. Hakung'ata. Nikapanda, akasimama kama nguzo. Nikampiga kisigino, akatembea. Tulizunguka uwanja mzima, mara moja, mara mbili, na tuliposimama nikaona taya lake linakwenda. Polepole, upande huu, upande ule, na mdomoni hakuna nyasi hata moja.

Baba alirusha kofia juu. "Ona! Anacheua! Ng'ombe anayecheua hana ugomvi na mtu. Ameridhika, Akinyi. Ameridhika!"

Watu wa ng'ombe watanielewa. Kwetu hakuna picha ya amani zaidi kuliko hiyo: ng'ombe jioni, macho nusu wazi, taya likienda. Kijijini ng'ombe asipocheua ndipo watu huitana. Nilimkumbatia Rani shingoni nikalia kwa furaha. Hata Wafula aliacha geti akaja kutazama. "Kumbe wewe ni kichwa ngumu kushinda farasi," akaniambia, na hiyo ilikuwa sifa.

Tangu siku hiyo nikawa mtu. Nilipanda kila jioni, mgongo wima, nikitazama ziwa juu ya ua wa michongoma. Watoto wa majirani walikuja kuchungulia. Rani alikwenda nilikotaka, akasimama nilipotaka, na kila aliposimama, alicheua.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka. Kazi ya kuanika gunia ilikuwa yangu. Jioni moja nililivuta kutoka mgongoni likaganda, halikutaka kutoka. Nilipolichomoa, upande wa ndani ulikuwa na manyoya yaliyonata, na unyevu ambao haukuwa jasho. Ulikuwa wa manjano, na katikati una wekundu. Rani hakusogea. Ngozi yake tu ilitetemeka, kama maji yanavyofanya ukitupa changarawe.

Nilitazama gunia. Nilitazama nyumba, baba alikuwa upande wa pili akikata ua. Nilijua. Msiniambie kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja hajui kidonda ni nini. Lakini nikisema, tandiko litawekwa chini. Tandiko likiwekwa chini, Desemba itafika hajabeba mtu, na lori litakuja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Chini ya sababu hiyo palikuwa na nyingine, ndogo na chafu: sikutaka kuacha kupanda. Nikaligeuza gunia, upande safi ukakaa chini. Kesho yake nikaligeuza tena, na tangu hapo nikawa nalilaza mgongoni mimi mwenyewe kabla baba hajaleta tandiko.

Mjukuu alifika, mvulana mnene wa miaka minane, mwenye viatu vipya vya kupandia. Bwana Kirpal aliweka viti kibarazani. Baba alivaa shati lake la kanisani. Rani alimbeba mtoto raundi moja, watu wakapiga makofi. Alimbeba ya pili. Katika raundi ya tatu alisimama mbele ya viti, akakunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akalala chini polepole kabisa, na mtoto juu yake, kana kwamba anamshusha. Mtoto hakuumia popote. Alilia tu. Rani aliweka kichwa kwenye nyasi na taya lake likaendelea kwenda.

Bwana Kirpal aliita daktari wa mifugo. Alikuja mwanamke kijana mwenye gambuti na sauti kavu. Alifungua mkanda, akaondoa tandiko, akaondoa gunia. Pande zote mbili za uti wa mgongo palikuwa na vidonda vya upana wa kiganja. Aliligeuza tandiko, akalikunja kwa mikono, likalia kwa ndani. Mbao zake zilikuwa zimevunjika.

"Muda gani?" akauliza.

Baba akajibu kwa sauti ndogo, "Daktari, lakini alikuwa ametulia. Alikuwa anacheua."

"Mzee, nani alikwambia farasi anacheua? Ng'ombe anacheua. Farasi hana cha kurudisha mdomoni. Huyu alikuwa anasaga meno. Anasaga meno kwa maumivu." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani amekuwa akimtandika?"

Nilifungua mdomo. Baba akawahi. "Ni mimi. Mtoto hajui kitu."

Nami nikafunga mdomo.

Daktari alisema mgongo ungepona, akipumzika miezi mingi bila tandiko. Bwana Kirpal hakuwa mtu mbaya, lakini mjukuu alikuwa ameapa hapandi tena. "Baba Akinyi, nitafanya nini na farasi wa kuangalia?" Lori lilikuja Ijumaa. Nilisimama karibu na ubao wa kupandia nikiomba kwa moyo wote akatae, alaze masikio, ang'ate mtu, arushe mateke, afanye ule ukaidi wote niliompiga kwa ajili yake. Alipanda bila kuvutwa. Dereva akasema, "Aki huyu ni mpole. Ningepata ng'ombe kama huyu."

Miaka mingi baadaye, katika kuzurura kwangu, nilifanya kazi ya kufua nguo kambi moja ya watalii karibu na Naivasha, ambako walifuga farasi. Nilikuwa nikienda kumtazama mtunzaji wao akiwatandika. Alipitisha kiganja mgongoni taratibu kabla ya kitu chochote. Alitazama masikio. Alikaza mkanda nusu, akangoja, akaingiza vidole viwili chini yake. Farasi akilaza masikio, alishusha tandiko chini na kutafuta sababu. Basi, hakufanya zaidi ya hayo. Niliondoka pale na beseni langu la nguo nikiwa nimekasirika, kwa sababu lilikuwa jambo dogo hivyo. Nilitegemea liwe gumu. Rani alituambia kwa masikio, kwa mkia, kwa meno, kwa mgongo. Alituambia wiki baada ya wiki. Siku aliyokata tamaa ya kutuambia ndiyo siku tuliyomrushia kofia juu.

Baba aliacha kazi Milimani mwezi uliofuata, akarudi Seme kwa maksai wake. Nilipokwenda likizo nilimkuta shambani alfajiri. Kabla ya kufunga nira, alipitisha mkono wake shingoni mwa kila maksai, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Hakuwahi kufanya hivyo zamani. Majirani walimcheka: "Jaduong', mzee wetu, siku hizi unasalimia ng'ombe?" Hakucheka nao. Alifanya hivyo kila asubuhi ya kulima mpaka mikono yake iliposhindwa, na kila mara niliposimama kando ya shamba kumtazama, niliondoka bila kumwambia habari za lile gunia.

Nilidhani anawakagua maksai. Nilikuwa mtu mzima kabisa, tumeshamzika, nilipoelewa kwamba alikuwa anaomba msamaha kwa mnyama ambaye hakuwepo. Alizikwa akiamini kwamba kosa lilikuwa la kutojua, na kwamba katika boma lile la Milimani hakuna aliyejua. Mmoja alijua. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alitaka tu kuendelea kupanda.