Takataka Zilizooga

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko nyingi za usichana wangu, ni ile mashangazi wa kijana aliyetaka kunioa walipotuma habari kwamba wanakuja kwetu Mbozi. Mama alinipa jembe. Hakunituma sebuleni wala uani. Alinituma jalalani, nyuma ya migomba, nikafukie vigae vya vyungu tulivyovunja. Mashangazi wale hawakuwa wakija kula tu. Mmoja wao angeomba kuonyeshwa choo, kumbe anakwenda kulisoma jalala. Akikuta magunzi mengi, nyumba ina chakula. Akikuta vigae vingi, nyumba ina ugomvi, au ina wasichana wazembe.

Bibi yangu mzaa baba akanikuta nafukia. Alikuwa mkali, na maneno yake hayakuwa mengi. Akaninyang'anya jembe.

"Unamficha nani? Hawa utaishi nao. Wakiondoka na uongo leo, kesho utahamia ndani ya uongo huo."

Akavichokonoa vigae vyote juu kwa fimbo yake. Mama alinuna siku nyingi. Niliolewa hata hivyo, na vyungu nimevivunja vingi tu.

Nakusimulia haya kwa sababu ya Atupele.

Atupele ni binti wa Ikinga, huko Ileje, aliyepanga chumba kwangu hapa Chapwa. Alikuja na mizani ya kuning'iniza, glavu, na rundo la magunia matupu. Kazi yake ilikuwa kufuata plastiki, yeye na wenzake waliotawanyika mikoani nchi nzima: nani anainunua, anaitumiaje, anaitupa wapi, nani anaiokota, na inasagwa wapi ili iwe beseni tena. Aliponieleza nilidhani ananitania.

"Yaani umesoma miaka yote hiyo uje kuhesabu takataka?"

"Ndiyo, Bibi. Na zako zimo."

Mwanangu, mimi si mtu wa kusifu ovyo, muulize yeyote mtaani. Lakini yule binti nilimvulia kilemba. Aliamka kabla ya jua akaenda kwenye foleni ya malori, pale madereva wanaposubiri kuvuka mpaka, akaokota chupa zilizotupwa madirishani, hata zile ambazo dereva amezijaza asichopaswa kuzijazia. Hakukunja pua. Alikwenda Msangano mashambani akarudi anacheka. Kule, alisema, gunia lake lilikaa tupu, kwa sababu chupa hazitupwi: hii ina mafuta ya alizeti, hii asali, hii mbegu za maboga, na dumu lililotoboka limekatwa, kuku wananywea maji. Alikwenda kwetu Mbozi, akachambua udongo wa shamba la kahawa kutafuta vile viriba vya kuoteshea miche, ambavyo sisi wenyewe tulikuwa tukivikanyaga bila kuviona. Chupa ileile ambayo hapa mpakani maisha yake ni mafunda mawili matatu, kijijini inarithiwa. Nimeishi na vitu hivi tangu ujana wangu, na sikuwahi kuyajua maisha yake mpaka mtoto huyu aliponionyesha.

Basi zamu ya mtaa wetu ikafika. Aligawa gunia kila nyumba, akaomba watu waweke humo plastiki yote wanayoitupa kwa juma zima, bila kuchagua. Akasema mahali ambapo takwimu zitaonyesha plastiki inazidi, ndipo wakubwa watakapoombwa waweke kituo cha kukusanyia. Tulikuwa na haja nacho. Mtaro wetu ukiziba masika, maji yanaingia mpaka chini ya vitanda.

Magunia yakarudi. Atupele akaning'iniza la kwanza, akafungua, akapekua mpaka chini. Akafungua la pili. Akaniita.

"Bibi, huku hakuna anayekula biskuti? Hakuna mwenye mtoto wa nepi? Hakuna aliyekatikiwa ndala?"

Nikachungulia. Humo mlikuwa na chupa tupu za maji, basi. Na zilikuwa zimeoshwa! Nyingine zilisuguliwa kwa mchanga, zinang'aa kuliko vikombe vyangu vya chai. Wanawake wa Chapwa hawakuweza kumpa mgeni uchafu. Waliziogesha takataka, wakazifungia vifuniko, na zisizofaa machoni pa mgeni wakazitupa mtaroni au wakazichoma. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikaniisha, maana nilijua hesabu ile ikipelekwa hivyo itasema Chapwa ni safi, na kituo kitakwenda kwingine.

Mimi ningewafokea. Atupele hakufoka. Alitandika turubai uani kwangu, akaita majirani, akamwaga gunia lake mwenyewe mbele yao: makaratasi ya pipi, mswaki uliokwisha, vifuko vya shampuu, na vitu vyake vya kike alivyovifunga vizuri.

"Hizi ni zangu," akasema. "Sikuziogesha. Na kwenye hesabu siandiki jina la mtu, naandika mtaa tu."

Watu wakatazamana, wakatawanyika. Aliyebaki ni Mama Subira, jirani yangu wa ukutani, anayekaanga maandazi kwa ajili ya madereva. Alinivuta pembeni.

"Bibi, mimi nikileta gunia langu lote, nani atakula maandazi yangu?"

"Limefanyaje gunia lako?"

Ndipo akaniambia. Kuni zikilowa, yeye huwashia moto kwa rambo, ile mifuko ya plastiki inayopenyezwa mpakani ingawa imekatazwa, na vipande vya ndoo zilizopasuka. Kila alfajiri. Maandazi yale ndiyo yanayowasomesha wanawe, na hana mume wa kumsaidia. Alipokuwa akisema alikuwa akikohoa, kikohozi ambacho mtaa mzima tulikizoea kama jogoo.

Nikamwambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe kikohozi hicho unamfichia nani, na sote tunakisikia?" Akageuka akarudi jikoni kwake. Nilijua nimemwambia kitu rahisi kusema. Si mimi niliyekuwa na watoto shuleni.

Kesho yake, jua limeshapanda na wateja wamejaa kwenye benchi lake linalotazama uani kwangu, Mama Subira aliondoka jikoni akaja uani kwangu akiburuta gunia. Akalimwaga juu ya turubai mbele ya wote.

"Atupele, andika. Hii ndiyo yangu, chafu hivyohivyo. Nyingine nimeiwashia moto, na moshi siwezi kukuletea."

Hakuna aliyetafuna. Dereva mmoja, mtu wa ng'ambo ya mpaka, alikuwa na andazi mkononi. Akalitazama huku na huku.

"Bamayo," akasema, yaani mama kwa lugha yao, "harufu hii mimi siku zote nilidhani ni iliki!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mama Subira mwenyewe akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka machozi. Atupele akamshika bega.

"Moshi nao nitauandika, mama. Jina lako hapana."

Wanawake wa mtaa waliokuja kununua maandazi wakaanza kuondoka mmoja mmoja kurudi makwao, na safari hii walirudi na nepi, na ndala, na rambo zao, nyingine wamezichomoa mtaroni. Mizani ya Atupele ilifanya kazi mpaka jioni.

Sitakudanganya, wapo waliomhama Mama Subira. Lakini asubuhi iliyofuata aliwashia magunzi makavu niliyompa, na mteja wake wa kwanza alikuwa Atupele, akala amesimama barabarani ili aonekane. Wa pili alikuwa yule dereva. "Nipe yasiyo na iliki," akasema. Benchi halijajaa kama zamani, ila linatosha kulipa ada. Kituo bado hatujakipata. Lakini Chapwa imehesabiwa ilivyo.

Mwanangu, shika haya. Anayekuja kukusaidia usimpe upande wako mzuri peke yake, maana atautibu huo mzuri na kidonda kitabaki. Unachokitupa, kijue kinakokwenda, kwani hakuna mahali panapoitwa mbali. Mbali yako ni mlangoni kwa mwingine, au ni kifuani mwako mwenyewe. Na akisimama mtu kusema kweli iliyomgharimu, usimwachie aibu abebe peke yake. Nunua andazi lake.

Mungu akupe macho ya kutazama usichopenda kukiona, akupe mikono isiyoogopa kuchafuka kwa kazi njema, na siku utakayosema kweli yako hadharani, akupe majirani watakaocheka pamoja nawe.