Jina Zima kwenye Kioo

Juzi nilikuwa kwenye chuo kidogo cha kompyuta mjini Kericho, nikingoja barua yangu ichapwe. Mwalimu, dada mwenye maringo ya haki, alikuwa ametia Linux, programu huru ya kuendeshea kompyuta, kwenye mashine kuukuu, na humo akafaulu kuchezesha ule mchezo wa televisheni wa kutungua ndege za adui. Hakuna aliyewahi kumshinda.

Mama mmoja mchuma chai wa Boito, aliyekuja kumwona bintiye anayesoma hapo, akatazama kidogo. "Wacha nijaribu."

Sisi wengine hurukaruka tukifyatua ovyo. Yeye alianzia pembeni, akamaliza safu moja ya ndege kabla ya kugusa nyingine, mikono miwili kazini, macho mbele.

"Ukiruka laini ya chai, msimamizi anakurudisha," akasema, akimpita mwalimu kwa alama nyingi.

Mchezo ukaomba herufi tatu za jina la mshindi. Mama akaondoa mikono.

"Kule kwa mizani ya chai mimi ni namba. Hapa andikeni jina yangu yote, ama muache."

Mwalimu hakubisha. "Hii Linux haijafungwa, Mama. Ngoja." Akafungua maandishi yanayoendesha mchezo, akayarekebisha, kisha akaandika jina zima. Mama akalifuata kwa kidole cheusi kwa utomvu wa chai, herufi kwa herufi.

Nimejaza fomu nyingi za ofisi, na siku zote jina langu ndilo hukatwa litoshe kisanduku. Siku hiyo niliona kisanduku kikipanuliwa.

Safu hii ya gazeti haitaji majina. Anayelitaka aende chuoni akalisome kwenye kioo cha kompyuta ile: liko juu kabisa, na chini yake zipo herufi tatu za mwalimu.