Beseni la Ntalikwa

Siku yangu ya kwanza katika utafiti wa kisukari nilikabidhiwa mkoba wenye mashine ya kupimia sukari, pamba, spiriti na fomu za ridhaa, yaani karatasi ambazo mtu hutia sahihi akikubali kupimwa. Nilikuwa muuguzi wa miaka mingi hapa Tabora, hivyo kumchoma mtu kidole sikukuona kama kazi. Utafiti ulikuwa wa ubia: chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilileta vifaa, sisi tukaleta miguu na lugha. Mtafiti Mkuu, bosi wetu, alikuwa na wimbo mmoja: "Dada, kasi! Wenzetu wanasubiri majibu."

Basi nikawa na kasi. Katika kijiji cha Ntalikwa nilimkuta Mzee Maganga, mrina asali, akikamua masega uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja ninawe."

"Usisumbuke, nitakupangusa."

Nikapitisha pamba ya spiriti, nikachoma. Mashine ikaonyesha sukari ya kutisha. Utaratibu ulitaka apimwe tena siku nyingine, lakini tulikuwa mbioni, na daktari wa timu akamwanzishia vidonge vya kushusha sukari hapohapo.

Siku ya tatu mzee alianguka uani, anatetemeka, jasho linamtiririka. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Mkwewe alimwahi kwa chai yenye sukari nyingi, akapona. Niliposikia ndipo nilipokumbuka kidole kile kilivyonata. Spiriti haiondoi asali. Nilikuwa nimepima asali, sikumpima mzee. Niliona haya, tena niliogopa, maana nusura niue mtu.

Vidonge vilisimamishwa, lakini Ntalikwa hakuna aliyekubali kuchomwa kidole tena. Mtafiti Mkuu akaamua, "Tuhamie kijiji cha Lusu."

"Lusu nako wana mizinga, bosi," nikamjibu. "Na simu wanazo, habari zimeshawafikia. Niache nikaombe radhi."

Aliniruhusu shingo upande.

Nilikwenda na beseni, maji na sabuni, nikaungama kosa langu mbele ya majirani. Mzee alilitazama beseni. Kisha akanyoosha mikono.

"Kwetu mtu hunawishwa kabla ya kula," akasema. "Ninyi mmekula kwanza, beseni linakuja leo."

Nikamnawisha, nikamkausha, nikachoma. Sukari ilikuwa ya kawaida kabisa. Akawageukia majirani: "Haya, nani anafuata?"

Kumbe mwongozo wetu uliagiza maji na sabuni tangu mwanzo. Tuliuruka kwa haraka zetu. Tuliwaandikia wenzetu wa ng'ambo ukweli wote, tukafuta vipimo vya kijiji kizima na kuanza upya. Mtafiti Mkuu alinuna wiki nzima, lakini barua aliitia sahihi mwenyewe.

Sasa nimestaafu, nakaa Mtendeni, hapahapa mjini Tabora. Vijana wakiniuliza ubia wa utafiti hujengwaje, huwasimulia habari ya beseni, nao hucheka. Mzee Maganga bado huniletea chupa ya asali kila msimu. Hunikabidhi, nami huionja kwa kidole, naye haondoki mlangoni mpaka aone nimenawa.